Sumaku haitibu kansa, inabeba mzigo tu

Pale chumba cha habari walitaka kichwa kisemacho "Sumaku yaponya saratani". Nikakataa, tukabishana, hatimaye habari ikatoka aya nne ukurasa wa ndani kabisa. Aya nne hazitoshi, kwa hiyo wasomaji wangu, haya mengine yasomeni hapa.

Mbinu yenyewe inaitwa magnetofeksheni, na wala si ya jana. Christian Plank na wenzake wa Chuo Kikuu cha Ufundi cha Munich, Ujerumani, waliielezea mwaka 2002. Shida waliyokuwa nayo ni hii: unataka kuingiza jeni ndani ya seli ya kansa, tuseme jeni ya kuamsha kinga ya mwili, lakini DNA ina chaji hasi na utando wa seli nao una chaji hasi. Zinasukumana. Wengi hutumia virusi vilivyopunguzwa makali viwe tarishi, ila navyo vina mambo yake. Mwaka 1999 huko Pennsylvania, Marekani, kijana wa miaka 18, Jesse Gelsinger, alifariki siku nne baada ya kudungwa virusi vya namna hiyo. Hakuwa hata na kansa, alikuwa na ugonjwa wa ini wa kurithi.

Sasa basi, wale wa Munich walichukua chembe za oksidi ya chuma (ndugu yake kutu!) zinazopimwa kwa nanomita. Unywele mmoja una upana wa nanomita kama 80,000 hivi. Chembe hizo hupakwa polima yenye chaji chanya, DNA inanata juu yake. Ukiweka sumaku chini ya sahani yenye seli, mzigo unaovutwa hivyo hutua juu ya seli kwa dakika chache, badala ya kuelea kwa saa kadhaa. Sumaku haitoboi chochote. Seli yenyewe ndiyo inayoumeza mzigo.

Lakini sahani si mwili. Nguvu ya sumaku hupungua haraka kadiri unavyokwenda mbali nayo, na damu haisimami ikusubiri. Ndiyo maana majaribio yao yaliyochapishwa 2008 yalifanywa kwa paka wenye fibrosakoma, uvimbe unaokaa karibu na ngozi: mchanganyiko unadungwa kwenye uvimbe, sumaku inawekwa juu yake, kisha upasuaji. Kwa binadamu, mpaka leo hakuna tiba ya kansa ya namna hii iliyoidhinishwa.

Shangazi yangu ana kansa ya titi. Hukata habari za magazetini na kuzihifadhi kwenye mkoba wa kliniki, na mkononi ana bangili ya sumaku aliyouziwa barabarani. Aya zangu nne alizisoma, akanipigia simu.

"We baba, hao paka walipona?"

Nikamwambia wengine uvimbe uliwarudia, wengine haukuwarudia. Na kwa kuwa wote walipasuliwa, huwezi kuipa sumaku sifa zote.

Akaniuliza bei ya bangili yake ingekuwaje huko Ujerumani.