Prosesa Haitaki Nguvu

Wengi wetu tukisikia kazi ya ufundi hufikiri nyundo na misuli. Kazi ya kutia prosesa katika mathabodi ya kompyuta ni kinyume cha hayo, na kwa sababu hiyo yafaa kila mwanafunzi aijue.

Prosesa ndiyo ubongo wa kompyuta. Ni kitu kidogo kama kiberiti, lakini hukutana na soketi yake kwa pini nyembamba zaidi ya elfu moja. Mlango wa Mji Mkongwe wenye misumari ya shaba waweza kugongwa kwa ngumi usitikisike. Pini hizi hulazwa na ncha ya kidole. Zamani zilikuwa chini ya prosesa yenyewe. Kampuni ya Intel ilizihamishia kwenye soketi mwaka 2004, na AMD ikafuata mwaka 2022 kwa kompyuta za mezani za kawaida, ilipotoa soketi ya AM5. Basi siku hizi aghalabu kinachoharibika ni mathabodi, wala si prosesa.

Mwaka jana kompyuta moja ya skuli yetu ilirudi kutoka kwa fundi wa mjini pini zimelala. Haikuwaka tena. Sisi wa dakhalia hatuna mashine nyingine ya kukimbilia, na tulikaa watatu watatu mbele ya kioo kimoja. Mathabodi nyingine ilipopatikana, mwalimu wetu alitutaka tuitie prosesa wenyewe, naye akasimama pembeni.

Alitufundisha hivi. Kwanza chomoa waya wa umeme ukutani. Kisha gusa chuma kitupu cha sanduku la kompyuta, ili umeme tuli ulio mwilini uondoke. Katika nchi za baridi, ambako hewa ya majumbani ni kavu, umeme huo huwasumbua sana mafundi. Hapa Unguja hewa ina unyevu, nao ni haba, ingawa haukosi kabisa. Adui yetu wa karibu zaidi ni jasho, khasa wakati wa kaskazi, kwa kuwa mafuta na uchafu wa vidole huzuia umeme kupita vizuri. Kausha mikono, na prosesa uishike kwa kingo zake tu.

Inua mkono wa soketi na ufungue kifuniko chake. Tafuta pembetatu ndogo katika pembe ya prosesa, uilinganishe na alama ya soketi. Sasa iweke, usiisukume. Ikae kwa uzito wake wenyewe. Isipokaa, iinue utazame tena. Ikisha kukaa sawa, funga kifuniko na urudishe mkono wa soketi. Katika soketi ya Intel, kama ilivyokuwa yetu, hapo ndipo nguvu kidogo hutakiwa, na mlio wake usikutishe. Mwisho tia tone la grisi ya kupozea kiasi cha choroko, kisha kaza skrubu za feni kwa kukingamisha, kidogo kidogo, na uchomeke waya wake.

Mwenzetu mwenye mikono mizito kuliko sote ndiye aliyeiweka, nasi tumezuia pumzi. Mashine ikawaka, na leo wanaitumia wadogo zetu wa kidato cha pili.

Wahenga walisema haraka haraka haina baraka. Ni kweli, lakini nimeona kuwa hata polepole haimfai mtu asiyejua alama iko wapi.