Mkate Ulioota Ukungu

Leo nawaandikia jambo ambalo nimelificha tangu Novemba, na Jumapili nitalisema tena mbele ya kanisa.

Mnakumbuka ile Probox ya huduma. Mlichanga. Mama mmoja kutoka Runyenjes alileta sehemu ya bonasi yake ya majani chai, pesa zikiwa bado zimefungwa kwenye leso. Gari mliliona wiki tatu tu, kisha nikawaambia liko gereji, injini inasumbua. Injini haikuwa na shida. Gari lilichukuliwa na madalali hapa Embu mjini, mchana kweupe, nikiwa nimeegesha nikanunue maziwa.

Aliyeniuzia ni mtu wa Nkubu, mpendwa kama sisi. Aliniombea kabla hatujaongea bei. Nilipouliza logibuku alinipa nakala, akasema yenyewe iko kwa wakili. Nililizunguka gari, nikafungua boneti kana kwamba najua ninachotafuta. Mpira wa kanyagio la breki ulikuwa umelika hadi chuma kinaonekana, na mita inasema kilomita 80,000. Niliona. Nikanyamaza, kwa sababu aliniita "mtumishi".

Someni Yoshua 9. Wagibeoni walikuja na magunia makuukuu, viriba vyenye viraka, mkate mkavu ulioota ukungu. Miaka yote nimehubiri kwamba wazee wa Israeli hawakuchunguza. Nimesoma tena: walichunguza! Walivichukua vile vyakula, wakaviangalia. Shida ni kwamba walichunguza kile walicholetewa, hawakumuuliza Bwana. Siku tatu baadaye wakajua hao ni majirani zao.

Mimi pa kuuliza palikuwa kwenye simu yangu. Unaingia eCitizen, upande wa NTSA, unaandika nambari ya gari. Mimi nililipa shilingi 550. Unaletewa jina la mwenye gari, nambari ya chesi na ya injini, na kama kuna mkopeshaji aliyeweka zuio. Halafu unainama, unalinganisha chesi na ile iliyogongwa kwenye gari lenyewe. Na uhamisho wa umiliki huanzishwa na mwenye gari kwenye akaunti yake. Akikwambia "hiyo tutafanya baadaye", rudi nyumbani na pesa zako.

Nililipa hizo 550 gari likiwa limeshaenda. Jina halikuwa la yule ndugu, na zuio lilikuwapo. Kumbe nilidhani kumuuliza mpendwa maswali ni kumkosea imani.

Polisi wameandika taarifa. Jumanne nilienda Runyenjes kumwona yule mama. Hakuuliza habari za gari wala za pesa. Alisema tu, "Pasta, kwa nini ulituambia ni injini?" Nilikunywa chai yake bila jibu.

Orodha ya waliochanga iko kwa mweka hazina. Baada ya ibada mwoneni, kila mmoja athibitishe kiasi chake. Nitarudisha kidogo kidogo kutoka mfukoni mwangu, nikianza na yule mama.