Kapo ya Kibongo Yavurugana Melini: Xcaret ya Kwenye Picha au Chankanaab ya Karibu?

Picha za Wabongo wa majuu wakiwa kwenye meli za kitalii huwa kila mtu anacheka. Kilichotokea chumbani kabla ya picha hakuna anayekipost. Hii ya kapo moja inayoishi Houston imevujishwa na ndugu zao wenyewe, na majina yatabaki kapuni, maana mmoja wao ana wafuasi kibao na anajijua.

Iko hivi. Baba, mama, watoto wawili wa miaka tisa na sita, na bi mkubwa, yaani mama mzazi wa mume, aliyetoka Tanga kuja kuwatembelea. Mwana na mama walikuwa hawajaonana miaka kumi na moja. Desemba wakapanda meli Galveston, Texas. Kituo kilichokuwa kinasubiriwa ni Cozumel, kisiwa cha Mexico kwenye Bahari ya Karibi. Meli inafika saa 2 asubuhi, na saa 10:30 jioni kila abiria awe ameshapanda.

Mume alikuwa ameshaamua tangu nyumbani: Xcaret. Na kusema ukweli, Xcaret si mchezo. Imefunguliwa tangu 1990, ina mito inayopita chini ya ardhi ambayo unaogelea ndani yake, ina chui wa kule wanaitwa jagwa, vipepeo, kasuku wakubwa wa rangi zote na magofu ya Wamaya. Jioni kuna shoo kubwa ambapo wachezaji wanapiga mpira kwa nyonga kama Wamaya wa kale. Jamaa alishaonyesha klipu kwenye grupu la ukoo, akaandika "mama anaenda kula bata."

Mke ni nesi wa zamu za usiku, na ndiye aliyelipia sehemu kubwa ya safari. Hakubisha. Alichukua kalamu akapiga hesabu.

Kwanza, Xcaret haiko Cozumel. Iko bara, kusini ya mji wa Playa del Carmen. Kwa hiyo ukishuka melini unatafuta tena boti ya kuvuka, kama ile ya Dar na Zanzibar, ila hii ni kama dakika 45. Siku ya upepo bahari inachafuka, na wa kutapika wanatapika. Ukifika ng'ambo unapanda gari dakika kumi hadi kumi na tano. Weka na foleni za tiketi, unaingia getini kwenye saa 4 na kitu. Kurudi nako usikate kamba kwenye boti ya mwisho mwisho, kwa hiyo saa 8 mchana uwe umeshatoka. Zinabaki kama saa nne za kukaa ndani. Ile shoo ya jioni aliyoipost mume? Meli itakuwa imeshaondoka.

Na tiketi ya mtu mzima mmoja inapita dola 100. Watu wazima wako watatu.

"Basi twende Xel-Há," mume akajaribu. Xel-Há nayo ni nzuri: ni ghuba ya asili ambapo maji baridi ya mito yanakutana na ya bahari, samaki unawaona kwa miwani tu, na chakula kimo ndani ya tiketi. Tatizo iko mbali zaidi, karibu na Tulum. Hapo wangebaki na saa tatu, na mtu wa kula dola zote hizo kwa saa tatu hayupo.

Mgogoro wenyewe ulianza pale jamaa alipopata mtandaoni wakala wa nje aliyekuwa bei chee kuliko safari zinazouzwa na meli. Watu wengi hawalijui hili: ukienda na safari ya meli mkachelewa, ni juu yao, watawasubiri au watajua namna ya kuwafikisha. Ukienda kivyako, meli inang'oa nanga na wewe unabaki gatini ukiipungia mkono. Zile video za abiria wanaokimbia gatini huku watu wanawashangilia kutoka juu, wengi wao ni hao.

"Baba watoto," mke akamwambia, "sisi tukiachwa tutahangaika tutarudi. Mama je? Pasi yake ya Tanzania iko kwenye sefu chumbani, viza yake ni ya kutembea. Utamweleza nani huko Mexico?"

Mume akawaka. Kwamba anataka mama yake aone kitu cha maana, asirudi Tanga kusimulia kwamba alipelekwa ufukweni. Kelele zikafika chumba cha pili, na bi mkubwa mwenyewe ndiye aliyekuwa amelala huko na wajukuu.

Asubuhi akaja mezani, akauliza swali moja tu: "Huko kwenye mito kuna kutembea sana?" Kimya. Magoti yake wanayajua.

"Wanangu, bahari mimi nimezaliwa nayo," akasema. "Nilichokifuata huku ni hawa watoto. Wakiamka wanakwenda shule, wakirudi wako na simu, na mimi Januari naondoka. Nipelekeni mahali nikae nao."

Wakaenda Chankanaab. Iko kisiwani hapohapo, dakika chache kwa teksi kutoka gatini, na kiingilio hakifiki hata nusu ya kile cha Xcaret. Ina bustani ya mimea, mijusi mikubwa inayojitembelea, mabanda ya makuti na ngazi za kushukia baharini kwenye miamba. Bi mkubwa alikaa bandani na dera lake. Watoto wakavaa jaketi za kuokolea na mirija ya kupumulia.

Haikupita muda yule mkubwa akarudi mbio: kaona samaki wa kijani na bluu mwenye mdomo kama kasuku, anatafuna mwamba.

"Huyo pono," bibi akamwambia. "Hata Tanga wapo. Si baba yenu akiwaamsha anasema mmelala usingizi wa pono? Ndiye huyo."

Watoto walikuwa wanausikia huo msemo kila siku bila kujua pono ni kitu gani. Wakarudi majini kumtafuta aliyelala. Wakatoka: "Bibi, wote wako macho!" Bibi akacheka mpaka kanga ikamdondoka. "Njooni niwaambie analalaje usiku." Wakakaa naye mpaka saa ya kuondoka.

Jamaa alipost picha ya bandani. Shangazi mtu akaandika chini: "Hii si Kigamboni?" Jioni nzima hakuongea na mtu.

Kama na wewe unaipanga hiyo safari, angalia kwanza saa. Tangu 2015 jimbo la Quintana Roo halibadilishi saa, ila Texas inabadilisha, hivyo Desemba Cozumel iko mbele kwa saa moja. Simu inajibadilisha yenyewe, meli inaweza isibadilishe. Fuata ya meli. Mafuta ya kujikinga na jua beba yale yasiyoua matumbawe, maana Xcaret na Xel-Há ya kawaida wanakuzuia nayo getini. Na mwenye magoti mabovu aulizwe kabla tiketi hazijalipiwa.

Mume bado anaitaka Xcaret yake, ila safari hii anasema ataenda kwa ndege, alale Playa del Carmen siku mbili, aione mpaka shoo. Mke kakubali. Bi mkubwa karudi Tanga, na yule mdogo wa miaka sita kila Jumapili anampigia kumuuliza kama pono wameamka.

Haya wadau: una watoto, una mama mkwe, una saa nane za nchi kavu. Unavuka au unabaki kisiwani?