Bi harusi, genge na mkanda wa Fatuma Zarika

Huku Bomani, Tarime, tunakoshona, alikuja bi harusi kupimwa gauni. Akatwambia mchumba kasema akishaolewa, genge lake la mboga basi. Tukanyamaza na futi mkononi. Na sisi tuliambiwa hivyo hivyo zamani, tukakubali, tukajuta.

Tukamsimulia Fatuma Zarika, bondia wa Nairobi. Alizaa akiwa msichana mdogo, akaingia ulingoni apate cha kumlea mwanawe. Oktoba 2016 alikwenda Michigan, Marekani, akamshinda Alicia Ashley kwa pointi, akarudi na mkanda wa dunia wa WBC. Akautetea hadi 2019, alipopigwa na Yamileth Mercado wa Mexico.

Hatusemi mkapigane ngumi, wapenzi. Tunasema riziki ya mkono wako usiiache kwa kuona haya. Bibi Khadija, radhi za Allah ziwe juu yake, alikuwa mfanyabiashara. Lizungumzeni mapema, walii wako akiwepo, kabla ya siku ya nikahi.

Bi harusi yule aliondoka kimya. Gauni limeisha, tunamsubiri. Tumuombee kheri.