Mama wa Samaki wa Kyavinyonge

Ukitoka Butembo kushuka Kyavinyonge, waacha baridi ya milima na kufika ukingo wenye joto wa Ziwa Edouard, karibu na pale mto Semliki utokapo ziwani. Samaki wengi wa masoko ya Butembo na Beni hutoka huku. Mtazame tilapia. Dume huchimba shimo mchangani, penye maji haba. Jike hutaga humo, kisha huyakusanya mayai yote kinywani mwake. (Dume naye humbembeleza jike mwingine!) Mayai huanguliwa mle mle kinywani, na watoto hurudi humo mbio waonapo hatari. Siku hizo zote mama hali karibu kitu. Basi mvuvi akokotaye wavu wa matundu madogo kandokando hunasa mama pamoja na kinywa kilichojaa watoto. Mahali pa mazalio pamekatazwa kuvuliwa. Hata hivyo wako waingiao usiku.