Kikohozi Kilichomwaga Damu Tumboni

Lusewa, ambayo wazee wetu hadi leo huihesabu kuwa Songea ijapokuwa imo Wilaya ya Namtumbo, kikohozi hakimtishi mtu. Msimu wa baridi hukohoa nyumba nzima, tangawizi ikachemshwa, mambo yakaisha. Shangazi yetu, mwenye maradhi ya moyo na anayemeza vidonge vya kuzuia damu isigande, alikuwa katika wiki ya pili ya homa ya mapafu pale kikohozi kimoja kikali kilipomfanya ashike tumbo chini ya kitovu, upande wa kuume, na kupiga ukelele.

Jirani, kwa nia njema, akasema ni chango. Akaomba mafuta amkande. Tulimzuia, kwani uvimbe mgumu ulikuwa ukikua mbele ya macho yetu, viganja vya shangazi vimepauka, jasho la baridi likimtoka. Usiku ule ule tukakodi gari kwenda Songea mjini.

Tabibu wa zamu alidhani ni kidole tumbo, na matayarisho ya upasuaji yakaanza. Mwenzake akamtaka mgonjwa ainue kichwa bila kujisaidia kwa mikono. Msuli wa tumbo ulipokaza, maumivu yakazidi. Hilo, alitueleza, huashiria kwamba ugonjwa umo katika ukuta wa tumbo, wala si katika matumbo yenyewe. Picha ya ultrasaundi ikathibitisha: nguvu ya kukohoa ilikuwa imechana mshipa ulio nyuma ya msuli mrefu unaoshuka kutoka mbavuni hadi kinenani, damu ikajaa ndani ya ala ya msuli huo. Sehemu ya chini ala hiyo haina ukuta madhubuti kwa nyuma, ndiyo maana damu huweza kutambaa hadi nyonga, mtu akapungukiwa mno bila tone kuonekana nje. Ni tukio la nadra, nalo huwapata zaidi wanawake na wazee.

Hakupasuliwa. Vidonge vilisitishwa kwa amri ya daktari (msomaji asisitishe vyake kwa kusoma gazeti!), kikohozi kikatibiwa, akaongezewa chupa mbili za damu, nasi watoto wa kaka yake tukapanga foleni kuchangia. Mara nyingi damu hiyo husimama yenyewe ikibanwa na ala, kisha mwili huifyonza kwa wiki kadhaa. Siku ya nne ngozi ya tumbo iligeuka zambarau, wageni wakashtuka kuliko mgonjwa.

Sasa akitaka kukohoa hukumbatia mto tumboni, kama wauguzi walivyomfundisha.