Bluu Bado Inasubiri Mtu

Wasee, kama simu yako ni ya OLED, skrini yake haina taa nyuma. Kila doti inajiwakia yenyewe. Nyekundu na kijani kwa kawaida hutoka kwa molekuli zenye iridiamu katikati. Bila metali nzito kama hiyo, hadi robo tatu ya nguvu ambayo ingekuwa mwanga huishia kuwa joto tu. Watafiti wa Princeton na USC, Marekani, walionyesha mbinu hii 1998 kwa kutumia platinamu. Iridiamu ikafuata 1999.

Bluu ndiyo imewagomea. Molekuli zake za aina hiyo huchoka haraka, ndio maana simu nyingi bado hutumia bluu ya kizamani inayokula chaji.

Kinachoniuma? Iridiamu nyingi duniani huchimbwa Afrika Kusini. Metali inatoka kwetu, halafu simu tunauziwa kwa mkopo.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilipokatika. Kuna watu huniambia kemia hainihusu tena. Zii! Skrini ndiyo ofisi yangu, lazima nijue inawaka aje. Na wewe wa kidato cha nne unayependa kemia, kazi ya bluu haijaisha. Ingia maabara.